Soko la karnitini: dawa moja, wagonjwa wa aina mbili

Watabiri wa masoko ya dawa hutarajia tiba ya upungufu wa karnitini iuzwe zaidi mwaka hadi mwaka, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu wanaongezeka, na vipimo vya watoto wachanga vinawabaini wagonjwa ambao zamani wangekufa bila ugonjwa wao kujulikana. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo huweka kapu moja makundi mawili ambayo, kwa maoni yangu, hayafanani.

Karnitini huyaingiza mafuta ndani ya mitokondria, yanakogeuzwa kuwa nishati. Mtu aliyerithi kwa wazazi wote wawili hitilafu ya jeni iitwayo SLC22A5 hupoteza karnitini kwa mkojo, na anapokaa na njaa au kushikwa na homa, sukari yake huweza kushuka vibaya. Moyo nao huweza kutanuka na kudhoofika, na wengine hufa ghafla. Katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, ambako takriban mtu 1 kati ya 300 ana ugonjwa huu, vifo vya ghafla vya vijana vilichochea upimaji wa nchi nzima uliowafikia watu 26,462, zaidi ya nusu ya wakazi wote. Antibiotiki zenye asidi ya pivaliki, ambayo huondoka mwilini pamoja na karnitini, zilihusishwa na baadhi ya vifo hivyo.

Kwa watu hawa levokarnitini, yaani karnitini inayotolewa kama dawa, ni uhai wenyewe, tena hunywewa kila siku maisha yote. Lakini kwingineko duniani ugonjwa huu humpata mmoja kati ya makumi ya maelfu, na dawa ni ya tangu miaka ya 1980: ile miaka 7 ya kuuza bila mshindani, ambayo sheria ya Marekani ya 1983 huipa dawa ya ugonjwa adimu, ilikwisha zamani, na leo zipo jeneriki, yaani dawa ile ile kutoka kampuni nyingine. Upimaji pia huwafichua watu wasio na dalili yoyote, wakiwemo akina mama wanaogunduliwa kupitia watoto wao. Wapo wanaoona kuwatibu ni kuwageuza wazima kuwa wateja. Mimi naona tahadhari ya madaktari ina msingi, kwa kuwa hakuna anayeweza kutabiri ni nani moyo wake utasimama.

Fedha zinazotazamiwa ziko zaidi kwenye usafishaji wa damu, na hapo ndipo ushahidi unapolegea. Ni kweli kwamba mashine huondoa karnitini, na mwaka 1999 Marekani iliidhinisha sindano kwa wagonjwa hao. Hata hivyo, tangu 2003 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, hudai karnitini huru (isiyoshikana na mafuta) katika damu iwe chini ya mikromoli 40 kwa lita, pamoja na upungufu wa damu usiosikia erithropoietini, homoni inayochochea utengenezaji wa damu, au shinikizo la damu linaloporomoka wakati wa kusafishwa, na tiba husitishwa ikiwa miezi 6 imepita bila nafuu. Mwongozo wa 2006 wa KDOQI, mpango wa Marekani wa miongozo ya tiba ya figo, ulisema ushahidi hautoshi kuipendekeza kwa upungufu wa damu. Watetezi hujibu kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo mno kuonyesha faida, na kwamba mgonjwa mmoja mmoja hupata nafuu ya kweli. Jibu hilo ni la haki, na kanuni ya miezi 6 inampa mgonjwa wa namna hiyo nafasi. Lakini tangu 2011 Medicare hulipa vituo kiasi kimoja kwa kila usafishaji, dawa zikiwa humo humo, hivyo kila kichupa hupunguza faida ya kituo. Anayezidisha idadi ya wagonjwa kwa bei ya sindano hukisahau kizuizi hicho.

Virutubishi vya karnitini vya wanamichezo, vikijumlishwa katika utabiri huo, huvimbisha takwimu bila kugusa ugonjwa: utumbo hufyonza chini ya moja ya tano ya dozi, na sehemu ya inayobaki bakteria huigeuza kuwa kemikali yenye harufu ya samaki.

Ongezeko ninaloliamini litatokana na upimaji, kwa kuwa tone moja la damu iliyokaushwa hupima magonjwa mengi kwa mara moja. Mauzo yake hayatakuwa makubwa, maana kila atakayegunduliwa atapewa dawa ambayo kampuni yoyote inaweza kuitengeneza.