Mitsubishi: Tunailaumu kwa Dogo, Tunaisamehe Kubwa

Katika Afrika Mashariki jina la Mitsubishi hubeba hukumu mbili ambazo ni vigumu kuzikalisha pamoja. Mwenye lori atakuambia kwamba Fuso na Canter ndizo zilizomsomeshea watoto. Fundi wa magari madogo, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, atakuuliza kwanza kama gari unalotaka kununua lina injini ya GDI, yaani inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ukikubali kwamba linayo atakushauri utafute jingine. Naamini hukumu zote mbili zimetolewa bila kufungua jalada lote. Kosa ambalo kampuni hii inalaumiwa nalo huku kwetu si zito kama linavyosemwa, ilhali kosa lake lililo zito kuliko yote, lililogharimu maisha ya watu nchini Japani na kuwafikisha wakubwa wake mahakamani, halitajwi kabisa na watu wanaotegemea magari ya jina hilo hilo kila siku.

Kampuni ya magari ya Mitsubishi ilisajiliwa mwaka 1970 ilipotengwa na Mitsubishi Heavy Industries, lakini chimbuko lake ni la zamani zaidi. Kundi zima la Mitsubishi lilianzia kwenye biashara ya meli aliyoianzisha Iwasaki Yataro mwaka 1870. Gari lao la kwanza, Model A, lilitoka mwaka 1917, na basi la kwanza lenye jina la Fuso lilitengenezwa mwaka 1932 kwenye karakana ya meli mjini Kobe. Hao walikuwa wahandisi wa meli na ndege kabla hawajawa wauza magari. Kwa maoni yangu, asili hiyo inaeleza ujasiri wao wa kiufundi, na pia inaeleza kiburi chao, kwa sababu fundi aliyelelewa katika kiwanda cha meli hakuzoea kusikiliza malalamiko ya mnunuzi mmoja mmoja.

Ujasiri huo tuliushuhudia wenyewe. Safari Rally ya miaka ya 1970 iliendeshwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika, kwa maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope, na magari mengi yaliyoanza hayakufika mwisho. Mwaka 1974 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda kwa Lancer 1600 GSR, gari dogo lisilo na nguvu za Porsche iliyoshika nafasi ya pili. Mwaka 1976 alishinda tena, na safari hiyo Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu. Baadaye dereva Mfini Tommi Mäkinen, akiwa na Lancer pia, alishinda Safari ya mwaka 1996 na ya mwaka 2001, na katikati ya miaka hiyo alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 1996 hadi 1999. Kwenye Dakar, mbio ndefu za jangwani, Pajero ilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na hadi kampuni ilipojitoa ilikuwa na ushindi mara 12, saba kati ya hizo zikifuatana kuanzia 2001 hadi 2007. Ni kweli kwamba gari la mashindano huandaliwa na kiwanda kwa namna ambayo gari la dukani haliandaliwi, lakini Lancer zilizoshinda Safari zilijengwa juu ya Lancer za dukani, na ushindi kwenye barabara zetu haukuwa tangazo la kutungwa.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi haukutoka kwenye mashindano, bali kwenye Fuso inayopanda mlima usiku ikiwa na magunia ya vitunguu kupita uwezo wake, huku tanboi akiwa amekaa tayari na kigogo cha kuzuia tairi la nyuma injini ikizimika. Malori hayo huongezewa spring za nyuma mpaka yanasimama kama yamenyanyua mgongo, yanabadilishiwa klachi kando ya barabara, na spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo ambako spea za lori la Ulaya huagizwa kutoka mbali. Nchini Kenya yamekuwa yakiunganishwa Mombasa. Sifa hiyo imelipiwa kwa jasho, na sioni sababu ya kuipunguza.

Tuje kwenye lawama ya GDI. Mwaka 1996 Mitsubishi ilikuwa ya kwanza duniani kuuza kwa wingi gari la petroli linalonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, likianza na Galant. Injini ya kawaida ya wakati ule ilichanganya petroli na hewa nje ya silinda, kwenye mlango wa kuingilia. Injini ya GDI ilitumia pampu yenye presha kubwa mno kuliko ile ya kawaida, na katika mwendo wa taratibu iliweza kuunguza mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo sana. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya mafuta, na kwa mafuta safi ya Japani lengo hilo lilikuwa na mantiki kamili.

Magari hayo yalipofika kwetu yakiwa yametumika miaka saba au minane, yalikutana na mazingira tofauti kabisa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa janga lililojulikana na serikali zenyewe: Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, zote zikilenga kukomesha uchakachuaji. Pampu ya GDI hulainishwa na petroli ile ile inayoisukuma, kwa hiyo mafuta mabovu huitafuna. Vali za kuingiza hewa nazo, kwa kuwa hazioshwi tena na petroli, hujikusanyia masizi. Fundi akifungua njia ya hewa ya injini kama hiyo hukuta shina la vali limevimba kwa ukoko mweusi, mgumu kiasi cha kukwanguliwa kwa chuma. Hapo ndipo gari linatetemeka likiwa limesimama, linakula mafuta kuliko lile ambalo halikuahidi kubana matumizi, na mwenyewe anaapa hatanunua tena Mitsubishi.

Lawama hiyo ina ukweli, lakini imekwenda mbali mno. Toyota nayo ilitoa injini zake za D-4 mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1996, nazo zikapata matatizo yanayofanana, ila jina la Toyota halikuchafuka kwa sababu hiyo. Leo unyunyizaji wa moja kwa moja umeenea kwa watengenezaji karibu wote wakubwa. Wazo la Mitsubishi halikuwa baya. Lilitangulia mafuta, mafunzo ya mafundi na teknolojia ya kuzuia masizi. Mahali ambapo kampuni inastahili lawama ni haraka yake ya kuisambaza injini hiyo changa kwenye aina nyingi za magari yake ndani ya miaka michache, kabla haijajua itakuwaje ikizeeka.

Sasa lile kosa kubwa. Katikati ya mwaka 2000 wakaguzi wa serikali ya Japani waligundua kwamba Mitsubishi ilikuwa na mafaili ya aina mbili ya malalamiko ya wateja: ya kuonyesha wizara na ya kufichwa, baadhi ya haya ya pili yakiwekwa kwenye makabati ya chumba cha kubadilishia nguo. Kampuni ilikiri kwamba mtindo huo ulianza mwaka 1977. Badala ya kutangaza kasoro na kuyaita magari yarudi kutengenezwa, iliyarekebisha kimyakimya pale mteja alipolalamika, na asiyelalamika aliendelea kuendesha gari bovu. Rais wa kampuni, Katsuhiko Kawasoe, alijiuzulu.

Kama ungamo la mwaka 2000 lingekuwa kamili, ningeweza kuliita aibu iliyosafishwa. Halikuwa kamili. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la mbele la lori la Mitsubishi lilichomoka likamgonga mama mwenye umri wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Mama alifariki na watoto wakajeruhiwa. Kilichovunjika ni habu, kitovu kinachoshikilia gurudumu. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba wenye malori hawakuyatunza ipasavyo, na maelezo hayo yalishikiliwa hadi mwaka 2004, ilipokubalika kwamba tatizo lilikuwa la kiwandani. Oktoba 2002, katika mkoa wa Yamaguchi, mtu mwingine, dereva wa lori la Mitsubishi, alikufa baada ya kasoro ya sehemu ya klachi kusababisha shafti ya propela, inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, kuanguka na breki kushindwa. Kawasoe na wenzake walipatikana na hatia mwaka 2008 kuhusiana na kifo hicho. Mtu anayeendesha lori kwa riziki anaijua sentensi ya "hukulitunza gari" ilivyo nyepesi kutamkwa na ilivyo ngumu kupingwa, kwa sababu hakuna dereva aliye na kumbukumbu za matengenezo zisizo na pengo. Kiwanda kilichokuwa na michoro na takwimu mkononi kilimwachia mnyonge mzigo wa kuthibitisha.

DaimlerChrysler, iliyokuwa mbia mkubwa, ilikataa mwaka 2004 kuongeza fedha, na kampuni ikaokolewa na ndugu zake wa kundi la Mitsubishi, ikiwemo benki. Uokoaji huo ulinusuru ajira za maelfu ya wafanyakazi wasio na hatia, na kwa hilo siwezi kuulaani. Lakini kampuni inayojua kwamba ndugu watailipia deni lolote haijifunzi haraka. Aprili 2016 ilibainika, baada ya Nissan kushtukia takwimu za magari madogo yaliyotengenezwa kwa ajili yake, kwamba Mitsubishi ilikuwa imepotosha vipimo vya matumizi ya mafuta vya magari 625,000, na kwamba njia za upimaji zisizoruhusiwa zilikuwa zikitumika tangu 1991. Hata katika kupima upya baada ya kukamatwa, wizara iliikemea kwa kuchagua matokeo yaliyoipendelea. Mwaka huo huo Nissan ilinunua asilimia 34 ya hisa zake kwa yeni bilioni 237.

Wanaoitetea husema kwamba si peke yake, na hawakosei. Hino ilikiri mwaka 2022 kughushi takwimu za injini, Daihatsu ikasimamisha uzalishaji baada ya udanganyifu wa majaribio ya usalama kufichuka mwaka 2023, na zote mbili zilikuwa ndani ya familia ya Toyota. Pia Fuso ilitengwa kuwa kampuni yake mwaka 2003 na kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Wajerumani wa Daimler, kwa hiyo lori jipya la leo halipaswi kubebeshwa dhambi za wakubwa wa zamani. Nakubaliana na yote hayo. Nisichokubali ni kulinganisha takwimu zilizoghushiwa kwenye karatasi na habu iliyojulikana kuwa na tatizo ikaachwa barabarani.

Na hapa ndipo suala linapotugusa. Kiwanda cha Japani kinapotangaza kasoro, barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani. Gari likishauzwa mnadani Yokohama na kupakiwa kuja Mombasa au Dar es Salaam, barua hiyo haina pa kufika. Ukaguzi unaofanywa kabla ya kusafirisha huangalia breki, taa na mionzi, lakini mnunuzi wa kwetu hapewi karatasi inayomwambia kama gari lake liliitwa kiwandani na halikwenda. Orodha za kasoro zinapatikana kwa namba ya chesisi kwenye tovuti za watengenezaji, nyingi kwa Kijapani tu. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, tayari wana namba hizo za chesisi kwa kila gari wanalosajili. Kuzilinganisha na orodha za Mitsubishi, Toyota, Nissan na wengine wote kabla ya kutoa kadi ya gari ni kazi ya kompyuta, na gharama yake inaweza kuingizwa kwenye ada ambazo mwagizaji tayari analipa.