Tunamnunia Keshia, Tunamchekea wa Mikopo

Tarehe 25, saa 4 asubuhi, tawi la Kariakoo au la Mbagala, chagua mwenyewe, picha ni ileile. Madirisha sita, makeshia wawili. Tiketi yako inasema A087, ubao unasema A041. Nyuma ya kioo vijana watatu wa tai wanapita na makaratasi kama watu wanaohama nyumba. Mzee mmoja anasonya. Mama mwenye ndoo anasema, "Hawa wanatuona mabwege," na foleni nzima inaitikia "eeeh" kama iko kwenye mkutano wa injili.

Hapo ndipo tunapoanza kukosea adui.

Kila keshia ana droo yake, na droo ni kama mswaki, haiazimwi. Akinyanyuka, hakuna wa kumshikia zamu pale, kwa sababu jioni shoti ikitokea, yaani fedha zikipungua, itakuwa ya nani? Kwa hiyo saa 4 asubuhi hesabu ya madirisha iko hivi: mmoja kaenda chai. Wawili wako nyuma wanajaza ATM, kazi ambayo mtu mmoja haruhusiwi kuifanya peke yake hata awe shemeji wa meneja: huyu anashika funguo, yule anashika namba. Wa nne yuko chumba cha ndani anahesabu mauzo ya wikiendi ya kituo cha mafuta, noti za elfu mbili zinazonuka dizeli. Sasa kama benki ilijua mshahara unaingia leo, kwa nini chai na dizeli viangukie saa hiyohiyo? Hapo nakuunga mkono. Lakini hilo ni la meneja, na meneja hakai dirishani, ana mlango wa kioo cheusi.

Halafu lile linaloudhi kuliko yote: ubao umeshasema A086, umeshafuta jasho, umeshatoa kitambulisho, na keshia anainuka na mfuko anaondoka zake. Foleni inaguna. Unadhani kaenda kupiga umbea. Kaenda kuuza. Ndivyo wanavyoita wenyewe. Fedha za dirishani zina kikomo chake, na zikizidi kikomo, jambazi akiingia bima inaleta maswali badala ya hela. Kwa hiyo droo ikijaa, keshia lazima azipeleke ndani kwa keshia mkuu. Bunda moja lina noti 100, za elfu kumi hiyo ni milioni moja, na kila bunda linapita kwenye mashine tena, hata kama aliyelifunga ni huyohuyo dakika kumi zilizopita. Wanahesabiana, wanaandikiana, wanasainiana. Dakika saba. Wewe kwenye saa yako ni arobaini.

Na kujaa kwa droo kumeletwa na nani? Na sisi. Tunaingia na pesa za kibubu, nyingine zimekunjwa kama sambusa, nyingine zina pini, nyingine zimeunganishwa kwa selotepu, nyingine bado zina unyevu wa kifuani. Mashine ya kuhesabu ni kiumbe chenye nongwa. Ikikuta pini inagoma kwenye noti ya 63 na hesabu inaanza upya. Ikikuta noti mbili zimegandana inasema 98 badala ya 99, na mteja anasema "nilihesabu mwenyewe nyumbani." Zinyooshe kabla hujatoka, elfu kumi peke yake, elfu tano peke yake, sura zote upande mmoja, na dakika tano za foleni umezirudisha kwa wenzako. Lakini nani anafanya hivyo? Tunataka huduma ya Ulaya na noti za mnadani.

Ya kibubu yana ukatili wake. Benki Kuu iliita noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile noti ya 500 ya mwaka 2010, zikabadilishwe kuanzia 6 Januari 2025 hadi 5 Aprili 2025. Miezi mitatu, matangazo hadi kwenye redio za mikoani. Bado mtu anakuja baada ya hapo na kitita cha marehemu babu na kumfokea keshia, kana kwamba yule binti ndiye aliyekaa na gavana wakapanga. Noti bandia nayo ni vilevile: ikigundulika dirishani hairudi mkononi mwako na hulipwi chochote. Anayeishika ametimiza kanuni, angekurudishia ndipo angekuwa na kesi.

Slipu ya kuwekea fedha nayo. Tarakimu 500,000, maneno "shilingi elfu hamsini tu." Unarudishwa, unanuna. Mwingine anaruka tarakimu moja ya akaunti, na kama bahati yake mbaya namba ile ipo, hela zinatua kwa mtu asiyemjua, pengine Sumbawanga. Anadhani benki itabonyeza kitufe zirudi. Benki haina ruhusa ya kuchomoa fedha kwenye akaunti ya mtu kwa neno lako wewe. Itamtafuta, itamwomba akubali kwa maandishi, na yule naye siku hiyo simu yake haipatikani. Soma jina linalotokea kabla ya kusaini. Ni sekunde tatu.

Saa 10 jioni mlango unafungwa na tunasema wana raha hawa, saa 10 tu wameshamaliza. Ungeona kinachofuata. Kila keshia anabalansi: alichoanza nacho asubuhi, jumlisha alichopokea, toa alichotoa, kilichobaki lazima kifanane na mfumo hadi shilingi ya mwisho. Zikizidi, ziada inaingizwa kwenye akaunti ya kusubiri mwenyewe. Zikipungua, mara nyingi analipa yeye. Na wazoefu wana uchawi wao wa kutafuta kosa. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, huenda kuna mtu kageuza tarakimu: 54,000 imeandikwa 45,000, tofauti 9,000. Ikiwa inagawanyika kwa 2, unaitafuta nusu yake, maana huenda muamala wa kuweka umeingizwa kama wa kutoa, na hapo tofauti inajizidisha mara mbili. Vikishindikana vyote viwili, ndipo anaanza kukumbuka nyuso: yule kijana wa kofia nyekundu, nilimpa mabunda mangapi? Saa 1 usiku bado wako ndani, mlinzi anapiga miayo, daladala za Gongo la Mboto zinajaa. Kesho asubuhi unamkuta hana tabasamu, unasema ana dharau.

Haya, twende nje kwa mashine. "ATM haina hela!" Anayesema hivyo kaomba laki nne mara moja, ikakataa, kaondoka akilaani. Mashine nyingi haziwezi kutema zaidi ya noti 40 kwa mpigo. Noti 40 za elfu kumi ni laki nne, ndiyo maana unakutana na hiyo laki nne kila mahali. Ndani kuna kaseti, kila moja na aina yake ya noti. Kaseti ya elfu kumi ikiisha na ya elfu tano ikabaki, noti 40 ni laki mbili tu. Kwa hiyo jaribu laki mbili kabla hujaanza kutukana ukoo wa watu. Na zikitoka, zichukue. Ukijibu meseji kwanza, mashine inasubiri kitambo kidogo kisha inazirudisha ndani, na salio lako limeshakatwa. Hapo usiende kugombana na benki yenye mashine. Nenda kwenye benki iliyokupa kadi, jaza fomu ya madai, andika siku, saa, mahali na kiasi. Watalinganisha na kumbukumbu za mashine na ziada iliyokutwa wakati wa kuhesabu. Kwa mashine ya benki yako huwa haraka, kwa ya wenzao vuta subira. Karatasi uliyoitupa chini ilikuwa na namba ya muamala, ila ndiyo hivyo, umeshaitupa.

Makato nayo. Ada ya mwezi, ada ya meseji, ada ya kutoa, na tangu Julai 2016 huku Bara juu ya ada kuna VAT asilimia 18. Kwa haya kelele ni halali, endelea kupiga.

Sasa geuka kushoto. Kuna meza yenye viti laini, kalenda na bakuli la pipi. Pale hakuna tiketi. "Karibu kaka yangu, shikamoo mzee, za nyumbani?" Unaitwa jina. Na wewe uliyemnunia keshia kwa dakika saba, hapa unacheka hadi jino la mwisho linaonekana. Jamani!

Anakwambia riba asilimia 18. Unaitikia. Hukuuliza 18 ya namna gani. Chukua milioni moja kwa miezi 12. Kama riba inapigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, rejesho ni kama 91,700 kwa mwezi na riba yote ni kama laki moja. Kama ni flati, inapigwa kwenye milioni nzima hadi mwezi wa mwisho, hata pale unapodaiwa laki moja tu: rejesho 98,333, riba 180,000. Ukiigeuza flati hiyo kuwa riba ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 32. Neno moja tu hilo, na pipi ulishaimung'unya.

Hata ile ya salio ina kona zake. Milioni 10, miaka mitano, asilimia 17: rejesho ni kama 248,500. Mwezi wa kwanza, 141,700 ni riba na deni linapungua kwa 106,800 hivi. Unalipa miaka miwili, unatoa 5,964,000, unauliza salio unaambiwa 6,970,000. Unadhani umeibiwa. Hujaibiwa, ndivyo jedwali la marejesho linavyokwenda, riba nyingi iko mwanzoni. Na ni hapohapo, karibu na mwezi wa 24, simu inaita. "Kaka, umekuwa mteja mzuri, unastahili nyongeza."

Piga hesabu kwa kidole. Anakurudisha kwenye milioni 10, miaka mitano upya. Deni la zamani linafutwa, mkononi zinabaki 3,030,000. Tuseme ada ya maombi ni asilimia 1 na bima asilimia 1, zote zikikatwa kwenye milioni 10 nzima wala si kwenye hiyo tatu: unatoka na 2,830,000. Ungeendelea na mkopo wa zamani ungebakiza marejesho 36, yaani 8,946,000. Sasa una 60, yaani 14,910,000. Umeongeza 5,964,000 ya kulipa ili upate mbili na laki nane za kupauia. Umerudi tena mwanzo wa jedwali, kulekule riba inakonenepa.

Mkopaji angeomba jedwali la marejesho kabla ya kusaini, halafu akauliza "flati au salio?", "mkononi napata ngapi?" na "nikilipa mapema kuna faini?", ile sura ya pipi ingebadilika kidogo. Lakini hajauliza. Amesaini kurasa tisa bila kusoma hata moja, kapewa kalenda, kapigwa bega. Anatoka anapita mbele ya madirisha, anasimama kuomba taarifa ya akaunti yenye muhuri, keshia anamwambia ni elfu mbili kwa kila ukurasa, mzee.

"Elfu mbili! Nyie ni wezi, mnajua?"