Nilivyoingia Nanenane Nikiwa Mzigo

Ukitaka kwenda safari ya baiskeli kati ya Mtwara na Lindi mwezi wa Agosti, anzia Mtwara. Kusi bado inavuma wakati huo, na kwa kuwa Lindi iko kaskazini-magharibi, upepo unakushika mgongoni na kukusukuma bure. Kurudi unapanda basi. Anayerudi kwa baiskeli labda anadaiwa nauli na makonda wote wa njia ile.

Hilo tulilijua, na siku ya Nanenane tukapanga vizuri kabisa. Tutoke Mtwara saa 10 alfajiri, tunyonge karibu kilometa 100 hadi Ngongo, pale kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima kabla hujaingia Lindi mjini. Tule kuku, tuangalie ng'ombe wa watu, tupande basi, jioni tuko nyumbani.

Tulikuwa wanne. Kinyozi, ambaye hubeba pampu, viraka na tyubu za akiba za kundi zima kwa sababu hamwamini mtu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye hunyonga baiskeli bila kuongea, hula bila kuongea, na tangu amlete dada yake kwangu sijui kama amewahi kumaliza sentensi mbele yangu. Mwalimu, anayefundisha historia, ambaye hata akikata pumzi mlimani haachi kufundisha. Na mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa nimevaa. Wenzangu walikuwa na baiskeli za kawaida na suruali za kawaida. Yangu ilikuwa ya mashindano, mtumba wa Japani, usukani umejikunja kwenda chini, matairi hayazidi upana wa kidole gumba. Nilikuwa na jezi, helmeti, na ile bukta ya kubana yenye sponji makalioni. Ukiivaa ukiwa umesimama, watoto wanadhani umefungwa nepi. Ukiikalia kilometa 60, unamwombea dua aliyeibuni. Kasoro yake ni kwamba haina mfuko, kwa hiyo simu na pesa nilimpa Mwalimu aweke kwenye begi lake. Kumbuka hilo.

Mikindani tulipita giza bado halijatoka. Kupanda kutoka pale ghubani kunataka mapafu, na Mwalimu alichagua hapo hapo kutueleza kwamba Livingstone naye alianzia Mikindani, mwaka 1866, safari yake ya mwisho ya bara.

"Akarudi?" Kinyozi akauliza.

"Alirudishwa. Kina Susi na Chuma waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo."

Shemeji alimwangalia, akatema mate pembeni, akabadilisha gia.

Baada ya Mpapura kulikuwa kumepambazuka, barabara imenyooka, mikorosho kushoto na kulia, nami nikaona niwaonyeshe wenzangu baiskeli ya mashindano imeundiwa nini. Nikawaacha. Nilikwenda kwa raha sana, mpaka chai ya usiku ikaanza kudai haki yake. Nikashuka nikaingia shambani kuchimba dawa. Baiskeli nikaingia nayo, maana huwezi kuacha baiskeli ya Japani peke yake kando ya lami. Nikasogea ndani kidogo kwa heshima ya wapita njia, kisha kidogo tena, mpaka nyuma ya mkorosho mkubwa.

Sasa, asiyetoka huku kwetu lazima aelezwe. Mikorosho ina adui anayeitwa ubwiriunga. Ni kuvu, anapaka machipukizi na maua unga mweupe, maua yanakauka, na mwaka huo huna korosho. Kinga yake ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Hupulizwa asubuhi na mapema, umande ukiwa bado upo ili unga ushike, na upepo ukiwa bado umelala ili unga usiende shamba la jirani.

Ilikuwa asubuhi na mapema. Umande ulikuwepo. Upepo ulikuwa umelala.

Mashine niliisikia, nikadhani ni bodaboda. Vijana wale wawili walikuwa wamejifunika nyuso kwa vitambaa wakabakiza macho, na macho yote yalikuwa juu kwenye matawi. Mimi nilikuwa chini, nimechuchumaa, sina hali ya kuita mtu. Wingu lilikuja taratibu, likapita juu ya mkorosho, likashuka. Nilichoweza kufanya ni kufumba macho na kushika bukta.

Walipomaliza mkorosho ule wakaenda mwingine. Hawakuniona kabisa. Nilitoka barabarani nakohoa, nimekuwa wa manjano kuanzia helmeti hadi kiatu. Mtoto aliyebeba ndoo ya maji alisimama, akanitazama, akaitua ndoo chini polepole.

"Shikamoo zimwi," akasema, akakimbia.

Malezi ya kusini hayo. Hata zimwi anaamkiwa.

Nikapanda baiskeli, na gurudumu la nyuma likakaa chini. Mwiba. Wenzangu bila shaka walikuwa wameshapita nikiwa huko ndani, wananyonga kwa nguvu wanifikie, na kila walivyonyonga ndivyo walivyozidi kuniacha. Pampu iko mbele. Tyubu iko mbele. Simu na pesa ziko mbele, kwenye begi la mwanahistoria.

Nilisukuma mpaka kijiji kilichofuata, nikamkuta fundi chini ya mwembe, na karai lake la maji, na watu ambao hawakuwa na pancha yoyote ila walikuwa wamekaa. Fundi alikuwa fundi kweli. Alitoa tyubu, akaizamisha, akaona mapovu, akasugua, akapaka solusheni, kiraka kikakaa. Muda mfupi tu. Kisha akachukua pampu yake, akaitazama valvu yangu, akaitazama pampu.

Valvu ya baiskeli za mashindano ni nyembamba, ina kijiti ncha yake kinachofunguliwa kwa kuzungushwa. Pampu za kwetu zimezaliwa kwa ajili ya valvu nene. Hapo ndipo baraza lilipoanza. Mmoja akasema tufunge uzi. Mwingine akasema uzi utavujisha, tuweke kipande cha mpira wa ndala. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao akasema bila kugeuka kwamba ashikilie mtu mmoja, apulize mwingine, na wa tatu aombe. Tulijaribu vyote, pamoja na kuomba. Ndipo kijana mwenye nia njema akakikamata kile kijiti kwa koleo ili "akinyooshe."

Kikakatika.

Kimya kikapita. Yule wa bao akasema, bado hajageuka, "Jazeni nyasi." Na kweli wako watu wanaojaza tairi nyasi likafika linakokwenda, lakini tairi langu halikuwa na nafasi ya nyasi. Lilikuwa na nafasi ya njiti za kiberiti, labda, na hizo zingeingia kwa foleni.

Hadi leo nasema kosa ni la valvu.

Wakati baraza limehamia kwenye mada ya Wajapani wanakula nini, akatokea babu kwenye baiskeli ya madume, nyeusi, karia pana, tenga limefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Siti yake springi zilishakufa zamani, ameizungushia kiroba. Ndani ya tenga kulikuwa na jogoo aina ya kuchi, mrefu, shingo nje, ana uso wa hakimu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, nwanangu." Akanitazama kwa huruma. "Hiyo manjano, umekwenda hospitali?"

"Siyo ugonjwa babu. Hii ni dawa."

"Basi wamekuzidishia."

Nikamweleza. Alikuwa akienda Ngongo na jogoo wake, kwenye mabanda ya mifugo. Nikamwambia sina hata senti mfukoni, ila wenzangu wakiwa huko nitamlipa. Akanizunguka mara moja, akaangalia baiskeli yangu, kisha macho yake yakatua kwenye bukta. Akabonyeza sponji kwa kidole, kitaalamu, namna mama anavyobonyeza embe sokoni.

"Hii ya nini?"

"Ya kukalia, babu. Ili usiumie."

"Haaa," akasema. Akanyamaza kidogo. "Panda. Malipo tutaongea Ngongo."

Mpangilio ulikuwa huu. Babu mbele, ananyonga. Mimi kwenye karia, tenga nimelipakata. Baiskeli yangu imefungwa mgongoni kwangu kwa mipira ya tyubu, gurudumu moja linazunguka lenyewe kwa upepo. Kabla hatujatoka Babu akaomba helmeti. Nikafurahi, nikajua ni mtu wa usalama barabarani. Akaichukua akamfunika nayo jogoo, jua lisimpige kabla ya maonyesho.

Njia nzima kuchi yule alitoa kichwa kwenye kamba za helmeti akanidonoa kidevu. Sijui alikuwa akitafuta nini kwenye salfa. Kila akidonoa, anapiga chafya, kisha ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemwanza. Kwenye kila kilima nilishuka nikasukuma, nimebeba baiskeli isiyonibeba, na Babu hakushuka hata mara moja. Alisema akishuka, siti inapoa.

Halafu ukaja mteremko wa kuingia bonde la Lukuledi. Niliuliza breki ziko wapi. Babu akanyanyua mguu akanionyesha soli ya ndala, akaikandamiza juu ya tairi la mbele. Ilitoa harufu ya mpira ulioungua, na mwendo ukaongezeka.

"Babu, hazishiki!"

"Zinashika huko chini," akasema.

Basi moja lilitupita, abiria wamejaa madirishani, na najua walichokiona: mzee anayeteremka kwa kasi mguu hewani, mtu wa manjano anayepiga kelele akiwa na baiskeli mgongoni, na jogoo aliyevaa helmeti. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi, wauza korosho waliokimbilia upande wetu na vifurushi walisimama katikati ya barabara wakasahau walichokuwa wanauza.

Getini Ngongo kulikuwa na kijana mwenye kitambulisho shingoni.

"Mifugo kushoto, mazao kulia. Nyie mnaonyesha nini?"

"Jogoo," Babu akasema.

"Na huyo?"

Babu akageuka akanitazama, akapima. "Huyu nkorosho. Amepuliziwa asubuhi."

Kijana akaandika. Sikutanii, aliandika kabisa, akanielekeza kulia. Nilikuwa bado nafungua mipira mgongoni nipate kujieleza aliponikamata mkono bwana shamba mmoja aliyekuwa na wanafunzi wa sekondari. Akaniweka mbele ya mche wa mkorosho. Akawaambia kwamba salfa haiponyi ua lililokwisha kuungua, inakinga, kwa hiyo mkulima asisubiri mpaka aone unga mweupe umetapakaa. Akawaambia anayepuliza avae barakoa, miwani, glovu na nguo ya mikono mirefu, aoge akimaliza.

"Sasa mwangalieni mwenzenu huyu," akasema, akanigeuza upande wa pili ili wa nyuma nao waone. "Barakoa hana. Glovu hana. Kavaa nepi."

Msichana mmoja mstari wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, na huyu atazaa lini?"

Kicheko kilisikika mpaka kwa mama lishe, na ndicho kilichowaleta wenzangu, kila mmoja na paja la kuku mkononi. Kinyozi alikaa chini kabisa kwenye nyasi. Mwalimu alifungua mdomo, najua alitaka kusema Susi na Chuma, nikamnyooshea kidole akaufunga. Shemeji aliendelea kutafuna.

Nilichukua pesa zangu kwenye begi nikamfuata Babu kwenye mabanda ya mifugo. Jogoo alikuwa amezungukwa na watu wanaompiga picha. Helmeti alikataa kuvuliwa. Kila aliyejaribu alidonolewa. Nikamhesabia Babu noti zake. Akazirudisha mkononi mwangu moja moja.

"Hela sitaki, nwanangu."

"Babu, nisikulipe? Safari yote ile?"

"Nilipe." Akaangalia chini, sponji. "Nina safari ya kurudi, na siti umeiona."

Nilibishana. Nikampa mara mbili yake. Akasema neno ni neno, na tulikubaliana malipo tutaongea Ngongo, na hapa ni Ngongo, na anaongea. Watu waliokuwa wakimpiga picha jogoo wakawa upande wake wote. Mama lishe mmoja, Mungu amlaze pema siku yake ikifika, akanipitisha nyuma ya banda lake na kuniazima kanga.

Mara ya mwisho kumwona Babu alikuwa ameivaa bukta juu ya suruali, anajaribu kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, anacheka peke yake.

Jioni tukapanda basi la Mtwara. Nilikuwa nimenawa uso, mwili bado wa manjano, kanga nimejifunga kifuani kwa sababu jezi ilikuwa inawasha. Konda alikuwa na haraka na taa ya ndani ilikuwa mbovu.

"Mama wa kanga, sogea nyuma, tupitishe baiskeli ya watu."

"Baiskeli ni yangu," nikasema.

Akanimulika na simu. Akashusha simu. "Haya mama, basi na mzigo utalipia."

Nikageuka kwa Mwalimu nipewe begi, Mwalimu amelala au anajifanya. Kinyozi anatazama nje dirishani, mabega yanamtikisika. Ndipo Shemeji, ambaye tangu saa 10 alfajiri hakuwa ametamka neno, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akamkabidhi konda.

"Chukua," akasema. "Dada yangu nitamlipia mimi."