Umoja Ikabaki Mwanza, Uhuru Ikaenda Kisumu

Kila Jumuiya ya Afrika Mashariki inapopokea mwanachama mpya, mjadala unarudi palepale: hii nayo itavunjika kama ile ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyovunjika mwaka 1977? Hapo ndipo watu wanaanza kugombania nani aliiua. Mkenya atakwambia ni ujamaa wa Nyerere, Mtanzania atakwambia ni ubepari wa Nairobi, na wakishachoka wote wawili wanamtupia mzigo Idi Amin. Mimi kesi hiyo imeshanichosha. Nchi huungana na nchi huachana. Ninachoshindwa kuwasamehe wakubwa wa enzi zile ni namna walivyoachana.

Maana dalili zilikuwepo miaka sita mizima. Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na tangu hapo Mamlaka ya Jumuiya, yaani kikao cha marais watatu chenye kauli ya mwisho, hakikukutana tena. Huku chini watu waliendelea kuripoti kazini, treni zikatembea, barua zikafika. Huko juu hakukuwa na wa kukata shauri. Katikati ya muongo ule hata makusanyo ya reli yalikuwa hayavuki tena mpaka kwenda makao makuu Nairobi. Na katika muda wote huo hakuna aliyeshika kalamu akaandika: tukiachana, nani anachukua nini, na wafanyakazi watalipwa na nani?

Basi ilipovunjika ikawa kama talaka ya usiku, kila mtu na alichokikuta chumbani kwake. Shirika la ndege la East African Airways lilisimama Januari 1977, na ndege nyingi zilikuwa zimeegeshwa Nairobi. Kenya ikaanzisha Kenya Airways papo hapo. Tanzania ikajibu Februari kwa kufunga mpaka, ikashikilia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wake. Zile ndege nne kubwa za abiria aina ya VC10, fahari ya shirika, zilirudi kwa watengenezaji Uingereza na zikaishia jeshi la anga la huko, zikageuzwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Hakuna hata moja kati ya nchi zetu tatu iliyoambulia kitu hapo.

Ziwa Victoria nalo likagawanywa vivyo hivyo. Kulikuwa na meli mbili pacha za kubeba mabehewa ya treni, MV Umoja na MV Uhuru. Umoja ikabaki Mwanza, Uhuru ikaenda Kisumu. Angetunga mtu hadithi ya namna hiyo ningesema amezidisha chumvi. Uganda ikabaki na bandari bila meli za aina hiyo, ikalazimika kujijengea zake miaka ya 1980.

Hesabu za kugawana mali zilikuja baadaye, mtoto akiwa ameshaanza shule. Alitafutwa msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na mapatano yakasainiwa Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba! Na hiyo ni mali tu, tena ya serikali. Watumishi ndio walioumia zaidi. Hapa Tanzania wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao hadi miaka ya 2000, mahakamani na barabarani. Tuliwaona wazee wenye mikongojo wakiandamana katikati ya Dar es Salaam, wengine wakifa kabla jalada halijafika mwisho. Mtu alikata tiketi za reli maisha yake yote, halafu uzeeni anaulizwa athibitishe kwamba aliwahi kuajiriwa.

Kuna vilivyovunjika ambavyo havijaunganishwa mpaka leo. Kabla ya 1977 mtalii alitoka Maasai Mara akaingia Serengeti kwa gari kupitia Sand River na Bologonja. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ile watalii hawakurudishiwa. Wanazungukia vituo vya mpakani vya Isebania na Sirari, au wanapanda ndege.

Sasa tazama mkataba wa Jumuiya mpya, uliosainiwa Novemba 1999. Kwa mwanachama mmoja anayetaka kutoka, umejipanga vizuri: Kifungu cha 145 kinadai theluthi mbili ya wabunge wake waafiki na notisi ya miezi kumi na miwili, kisha akishatoka hana dai juu ya mali ya Jumuiya. Sawa. Lakini utaratibu huo unachukulia kwamba anatoka mmoja na wengine wanabaki kulinda nyumba. Mwaka 1977 hakubaki mtu. Na kuhusu uhai wa mkataba wenyewe, Kifungu cha 144 kinasema utadumu daima, basi.

Najua kuna watakaosema kuzungumzia mirathi mgonjwa angali hai ni uchuro. Mimi nasema walioona uchuro mwaka 1971 ndio waliowaachia wazee wale kesi. Leo tuko nchi nane, na michango ya wanachama hucheleweshwa kila mwaka. Ningekuwa mbunge wa Afrika Mashariki, kabla sijainua mkono kuomba nchi zetu zitumie sarafu moja, ningetaka itifaki fupi ya kurasa chache: pensheni za watumishi ziwekwe kwenye mfuko ambao hakuna serikali inayoweza kuuzuia mpakani, na orodha ya mali ihakikiwe kila mwaka wakati bado tunasalimiana.