Baridi ya Arusha haipozi tabo

Kila kijana anapofikisha Subaru Forester au Impreza yenye tabo, ile pampu inayoiminya hewa ili iingie nyingi kwenye injini, kwenye gereji ya Njiro au Sakina na kusema anataka intakula kubwa zaidi, yaani kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, jibu analopewa ni lile lile: "Hapa Arusha kuna baridi bwana, hayo mambo waachie watu wa Dar." Mafundi wanalitoa kwa nia njema. Wameshaona vijana wengi wakimaliza mshahara kwenye ekzosi za kelele na bampa za mapambo, na wamechoka kuwaona wakirudi na injini zilizonoki. Lakini jibu lenyewe limegeuza mambo kichwa chini, na anayezuiwa nalo ni kijana mwenye busara kuliko wenzake, yule aliyeamua kupoza hewa kabla ya kuongeza nguvu.

Tuanze na hesabu. Mji wa Arusha upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya kawaida hapa ni kama kilopaskali 86. Dar es Salaam ni kama 101. Tuseme gari linataka presha kamili, yaani inayohesabiwa kuanzia sifuri pamoja na ya hewa ya nje, ya kilopaskali 200 kwenye injini. Dar, tabo inaiminya hewa karibu mara mbili. Arusha inalazimika kuiminya mara 2.3, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi, kama mpagazi wa Kilimanjaro anavyohema haraka zaidi kadiri anavyopanda ili apate hewa ile ile.

Na hewa ikiminywa hupata joto. Chukua siku ya Dar yenye nyuzi 32, siku ya Arusha yenye nyuzi 20, na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70. Dar, hewa inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi kama 126. Arusha inatoka na nyuzi kama 134. Ile hewa iliyoingia ikiwa baridi kwa nyuzi 12 imetoka ikiwa moto zaidi kwa nyuzi 8. Baridi yote ya Mlima Meru imeliwa ndani ya tabo, na bado tunadaiwa.

Tuitazame namba hiyo kwa upande wa intakula. Dar tabo imeongeza nyuzi 94, Arusha imeongeza 114, yaani mzigo wa joto umekua kwa karibu moja ya tano. Wakati huo huo hewa inayopita kwenye mapezi ya intakula kuipoza ni nyepesi. Kwa mwendo ule ule, uzito wa hewa inayopita ni pungufu kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Kweli hewa hiyo ni baridi na inasaidia, na mwishowe hewa inayoingia kwenye injini Arusha inaweza isipishane sana na ya Dar. Ila intakula imefika hapo kwa jasho, na akiba yake imepungua kabla kilima hakijaanza.

Mtu makini atasema si kila gari linalenga presha kamili. Mengine yanaongeza tu kiasi fulani juu ya hewa ya nje. Ni kweli, na nimelipigia hesabu hilo pia. Kwa kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje, Dar hewa inatoka kwenye tabo na nyuzi kama 126, Arusha kama 123. Nyuzi 12 za baridi zimekununulia nyuzi 3, tena kwa injini inayopata hewa kidogo kuliko ya Dar. Ukichukua hesabu yoyote kati ya hizo mbili, ule msemo wa gereji hausimami.

Halafu vije vilima. Kwenye Subaru nyingi intakula imelala juu ya injini, inavuta hewa kupitia ule mdomo wa boneti. Gari likienda kasi inapoa vizuri. Fikiria sasa mwisho wa Desemba, Wachagga wanarudi nyumbani, Moshi imewaka jua, gari lina watu watano na mizigo, linapanda kutoka Himo kwenda Marangu nyuma ya fuso lililopakia ndizi. Mwendo ni mdogo, mdomo wa boneti hauvuti kitu cha maana, joto la injini linapanda moja kwa moja na kuibabua intakula kwa chini. Njia ikifunguka, dereva anakanyaga mafuta yote ili apite, na injini inameza hewa ambayo haikupozwa.

Hapo ndipo hasara inapotokea. Hewa ikiwa moto kupita kiasi, mchanganyiko wa hewa na petroli hujiwakia wenyewe mahali ambapo moto wa plagi haujafika, na pistoni inapigwa nyundo. Injini za Subaru za lita 2.5 zenye tabo zinajulikana kwa kupasuka pistoni kwenye kingo zinazoshika ringi. Tukumbuke pia kwamba magari ya soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu la kule, ya oktani karibu 100, yaani isiyojiwakia kirahisi, na pampu zetu haziuzi hiyo. Kinga pekee iliyobaki ni sensa inayosikiliza mlio wa kugonga ndani ya injini, ili kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, icheleweshe cheche. Sensa hiyo inafanya kazi baada ya pistoni kuanza kupigwa.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Intakula ya mbele hukaa mbele ya rejeta na kondensa ya AC, hivyo kwenye kilima kirefu unaweza kupoza hewa ya tabo huku ukichemsha maji ya injini. Mabomba yanakuwa marefu, tabo inachelewa kuitikia, na kwenye kona za vumbi za Monduli ucheleweshaji huo unauma. Viungio vinaongezeka, na kila kiungio kinachovuja kinatoa hewa iliyokwisha kupimwa, kwa hiyo petroli inazidi na moshi mweusi unaanza. Mawe ya barabarani nayo yatakutana na mapezi ya aluminiamu kwanza. Zaidi ya yote kuna pesa: mkanda wa taiming ambao haujabadilishwa tangu gari lishuke bandarini ni hatari kubwa kuliko intakula yoyote, na fundi anayesema aanzie hapo yuko sahihi.

Lakini ukizisikiliza vizuri, karibu hoja zote hizo zinapinga mahali pa kuiweka. Hakuna inayosema injini haihitaji hewa baridi. Intakula kubwa inayobaki pale pale juu haizibi rejeta wala haihitaji mabomba mapya marefu. Watengenezaji wenyewe hawakukubaliana: Mitsubishi waliiweka mbele tangu Lancer Evolution ya kwanza mwaka 1992, Toyota wakatumia inayopozwa kwa maji kwenye Celica GT-Four ya ST205, na Subaru, walioishikilia ya juu kwa miaka, waliihamishia mbele kwenye gari lao la mashindano ya dunia la 1997 baada ya sheria kuruhusu. Waliobadilisha hawakuwa wakitafuta sifa.

Kwa mtu wa Arusha anayetumia gari kwenda kazini na kurudi, na presha ya kiwandani haijaguswa, mimi ningeanza na vitu vya bei ndogo. Ule mpira unaoziba kati ya intakula na boneti mara nyingi umeoza, na hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye mapezi. Mapezi yenyewe yamejaa wadudu na vumbi la volkano. Yaoshwe kwa maji ya presha ndogo. Viungio vipimwe kwa hewa na sabuni ya maji. Kwa anayepanda milima mara kwa mara na mzigo, intakula kubwa ya juu inalipa. Ya mbele ni ya mtu aliyeamua kuongeza presha ya tabo, na hata huyo aifunge kwanza na kontroboksi ipangwe upya, ndipo presha iguswe.

Ubishi wa gereji, mara nyingi, humalizwa na skana: fundi anaichomeka, inasoma nyuzi 30, na kijana anaambiwa hewa yake ni baridi. Kwenye Subaru nyingi za tabo sensa ya joto la hewa imo kwenye kipimo cha hewa kilicho karibu na ea klina, kabla ya tabo. Inasoma hewa ya nje. Nyuzi zile 134, na zinazobaki baada ya intakula, haizijui kabisa. Anayetaka kuziona afunge sensa ya pili kwenye bomba la baada ya intakula, kisha apande Marangu na mzigo mchana wa jua, na fundi wake akae kiti cha pembeni akisoma.