Ziara ya Kilwa au ziara ya kupiga picha?

Jamani, hawa wenzetu wanaochelewesha basi la ziara tuwafanyeje? Tumepanga kutoka Mtwara alfajiri twende Kilwa Kisiwani kuona magofu ya kale, hadi jua limechomoza mtu yuko bwenini anapiga pasi. Anakuja na miwani yake, wala haombi radhi. Mnazi Mmoja, simama, wanataka korosho. Lindi mjini, simama, bahari imependeza, picha! Kana kwamba Mtwara hakuna bahari.

Sasa tunafika Kilwa Masoko jua la utosi, bado tuvuke kwa mashua. Kisiwani tukaona Gereza, ile ngome waliyoianza Wareno mwaka 1505, na Msikiti Mkuu mbio mbio. Husuni Kubwa? "Muda umeisha, wapendwa." Husuni Kubwa! Jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali la bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 bila lami, sisi na Coaster yetu tumeshindwa kutembea mwendo mdogo tu kutoka Gereza.

Na waliotuchelewesha ndio hao hao walioegemea mihrabu kwa mapozi, wakamuuliza muongoza wageni kama kuna mtandao.

Safari ijayo, saa ya kuondoka ikifika basi liondoke. Nauli hairudishwi.