Kishikwambi cha kazi: kabla hujauza laptopu, angalia kazi yako inaishia wapi

Kuna dogo tunafanya naye kazi za upimaji wa viwanja hapa Tanga, wiki iliyopita kaja ofisini na wazo kalikamata kwelikweli, anataka auze laptopu yake, aongezee hela kidogo, anunue kishikwambi kikubwa basi. Akaniambia "kaka, laptopu naibeba mgongoni tu kutwa, saiti siifungui, ofisini naifungua masaa mawili, si bora nibebe kitu kimoja?" Mzee wetu pale ofisini alikuwa anasikiliza, akamjibu papo hapo kwamba kishikwambi ni simu iliyonenepa tu na hajaona mtu aliyemaliza kazi ya maana kwenye simu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mi nilinyamaza maana kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, na navitumia vyote viwili mwaka wa nne sasa.

Watu wengi ukiwauliza kishikwambi gani kinafaa kwa kazi watakutajia prosesa, RAM na kampuni. Mi naanzia mwisho. Kazi yako inaishia wapi, unakabidhi kitu gani, na yule anayepokea anakitaka kikiwa katika hali gani? Ukishajua hilo nusu ya ubishi inaisha.

Chukua sensa. Agosti 2022 tuliona makarani wanapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, ndiyo ilikuwa sensa yetu ya kwanza kufanyika kidijitali, na kwa kazi ile kifaa kilifaa kabisa, kwa sababu kazi ya karani inaishia palepale mlangoni: maswali yamepangwa tayari, anagusa jibu, anahifadhi, kikituma kimetuma. Baada ya hapo vifaa vilevile vikaenda kwa walimu. Sasa mwalimu kazi yake haiishii kwenye kugusa jibu, anatakiwa aandike andalio la somo, atunge mtihani wenye michoro, auchape darasa zima lipate. Walimu ninaowajua wanakipenda kwa kusomea vitabu na kuonyesha video, ila mtihani wanakwenda kuutunga kwenye kompyuta. Kifaa hakijabadilika, kilichobadilika ni mwisho wa kazi.

Upande wa dogo una hoja nzito na mi ndiyo naiishi. Tulipokuwa kwenye urasimishaji wa makazi upande wa Pongwe tulianza na fomu za karatasi, jina la mmiliki, majirani wa pande nne, namba ya NIDA, halafu usiku mtu anakaa anahamishia kwenye kompyuta. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, hebu jaribu kunakili namba 60 za hivyo saa nne usiku huku umeme unacheza uone. Ukikosa tarakimu moja fomu inarudi, na kumrudia mtu aliyeshahamia Muheza ni nauli na siku nzima. Tulipohamia kwenye kishikwambi chenye fomu ya KoboCollect (programu ya kujazia fomu) tukaiwekea sharti kwamba bila tarakimu 20 haiendelei mbele, na tatizo la namba fupi au ndefu likaishia palepale kibarazani kwa mwenye nyumba. Fomu inajazwa bila mtandao, ukifika penye mtandao inatuma. Laptopu huwezi kuifanyia hivyo umesimama chini ya mwembe na jirani anakuonyesha mpaka kwa fimbo.

Lakini kuna vitu dukani huvioni. Kuna bibi mmoja tulimkuta anakuna nazi, akaja kusaini kwa kidole, mkono una maji ya nazi na ncha ya kidole imekomaa kwa kazi za miaka mingi, kioo kikawa kinaruka, mara kinachora mstari pembeni, mara hakisomi kabisa. Akajifuta kwenye kanga akajaribu tena, akanitazama akasema, "Mwanangu, kioo chako kinanikataa." Niliona haya kwa niaba ya kile kifaa. Kioo cha tachi kinategemea umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, kidole kikavu sana au chenye maji kinakichanganya. Toka siku ile kwangu kalamu ni lazima, na sizungumzii kile kijiti chenye mpira wa mviringo, nasema kalamu yenyewe ya kifaa. Galaxy Tab S nyingi za Samsung zinakuja na kalamu ndani ya boksi na ile kalamu inaandika bila kuchajiwa, iPad kalamu yake inauzwa pembeni na inataka chaji, kwa hiyo unapopiga hesabu ya bei ongeza na hiyo.

Halafu jua. Ndani ya duka pale Ngamiani kila kioo kinapendeza, saa sita mchana Mabokweni kioo cha niti 400 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) unaangalia uso wako mwenyewe badala ya ramani. Mwombe muuzaji utoke nacho nje barabarani, ongeza mwanga mpaka mwisho, fungua ramani, usogee kwenye jua kabisa. Anayekukatalia achana naye. Na joto lina habari yake. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye hali ya hewa ya nyuzi 0 mpaka 35, sisi Februari kivulini tu tunazikaribia hizo 35, sembuse ndani ya gari. Mi niliacha kishikwambi (si iPad, kingine) juu ya dashibodi ya pikapu kwenye njia ya mashamba ya mkonge, tumeshuka kunywa maji tu, narudi kimeandika kimezidi joto na kimejizima. Data haikupotea, namshukuru Mungu, lakini mwenyekiti wa mtaa na majirani watano walikaa chini wananisubiri dakika arobaini kifaa kipoe. Heshima ya kazi ilishuka siku ile, hilo nalisema kutoka moyoni, mtu ameacha shughuli zake amekuja kuonyesha mpaka wake halafu wewe unapepea kioo na kofia.

Kuna vile vya kazi ngumu, mfano Galaxy Tab Active, vinavumilia vumbi, maji na kuanguka, betri unaichomoa unaweka nyingine, kioo kinakubali mpaka mkono wenye glavu. Havina kasi ya ajabu na kioo ni kidogo, wengi wanavidharau dukani. Kwa mtu wa saiti mi naona ndiyo vya kuanza kuviangalia.

Suala la GPS nalo wengi wanaingia mkenge. iPad ya waifai tupu, isiyo na sehemu ya laini, haina GPS ndani, inakisia mahali ulipo kwa mitandao ya waifai iliyo karibu, na shambani hakuna waifai. Ukitaka iPad ya saiti nunua yenye laini hata kama laini huweki. Na hata ukiwa na GPS ya ndani, kwenye eneo la wazi inakosea mita 3 mpaka 5 hivi, chini ya minazi inazidi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kosa la mita 4 umeshaingia jikoni kwa jirani. Kwa hiyo bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, hatuweki kwa kishikwambi, tunaweka kwa kipokezi cha RTK, kifaa cha kupokea satelaiti kinachotoa usahihi wa sentimita, kishikwambi kinakuwa uso wake tu kupitia Bluetooth. Hapo Android inakupa uhuru zaidi, iPad mara nyingi inataka kipokezi kilichopitishwa na Apple wenyewe. Programu nayo ikubali mfumo wetu wa namba za mahali kwenye ramani, maana ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960 wakati GPS inakupa WGS84, ukichanganya hizo mbili kila kitu kinahama kama mita 300, na nimeona kijana mzima analia shambani anadhani bikoni zimeng'olewa.

Sasa upande wa mzee. Mzee wetu hoja yake iko ofisini na huko anashinda. Fomu zimejazwa, picha zipo, vipimo vipo, ila tunachokabidhi sisi ni ramani ya upimaji iliyochorwa ikakamilika, na jedwali la mahesabu. AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, ile ya kwenye kishikwambi inafungua faili, inachora mistari, unaweza kumwonyesha mteja, lakini zile LISP zetu, programu ndogo za ndani yake zinazochora bikoni na kupanga namba zenyewe haziendeshi. Excel ya kwenye kishikwambi haiendeshi makro, yale maagizo uliyoyapanga yajifanye yenyewe. QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, huipati kwenye iPad, unapata mdogo wake QField ambaye ni mzuri kwa kukusanya shambani. Hata Office kwenye kioo kilichozidi inchi 10.1 inataka ulipie kila mwezi au kila mwaka ndiyo uandike, wengi wananunua kioo kikubwa kwa ajili ya Word halafu wanakuta wanasoma tu.

Na mwisho kabisa wa kazi bado ni karatasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, lakini mezani unapopeleka fomu wanataka wino, dole gumba na mhuri wa mwenyekiti. Yule bibi wa nazi baada ya kusaini kwenye kioo ilibidi turudi tena na karatasi. Sikulaumu kifaa, ila nilijua kazi yangu bado haijafika mahali pa kuishia kwenye kioo.

Mtu atasema si ununue chenye Windows. Ni kweli, ndiyo maana Microsoft walileta Surface Pro mwaka 2013, miaka mitatu baada ya iPad ya kwanza, ili mtu awe na Windows kamili kwenye kitu cha kushika, na Apple nao 2015 wakaleta iPad Pro yenye kalamu na kibodi. Surface inaendesha AutoCAD kamili na makro zako zote, kwa mtu anayetembea kati ya ofisi na kikao inapendeza sana. Shambani mi siiamini, ni nyembamba, inapata moto, na ukiweka kazi nzito chaji haikufikishi jioni. Zile mpya za prosesa ya Snapdragon zinakaa na chaji vizuri, lakini plota (printa kubwa ya ramani) ya zamani kama haina draiva, programu ya kuiunganisha na kompyuta, iliyotengenezwa kwa prosesa hizo haitachapa, na plota za ofisi zetu ni za zamani. Hapo napo ni mwisho wa kazi unaoamua.

Vya bei chee mnavyoletewa vimeandikwa 12GB kwa 512GB, jamani, fungua mipangilio uangalie. Mara nyingi RAM ya kweli ni 4, iliyobaki ni ya kukopa kutoka kwenye uhifadhi, na uhifadhi wenyewe ni ule wa polepole, ukifungua ramani na fomu kwa pamoja programu moja inauawa kimyakimya na ulichokuwa unajaza kimeenda. Masasisho nayo hayaji. iPad Air 2 ya 2014 ilipokea mpaka mfumo wa iPadOS 15 wa 2021, miaka saba, wakati vingine vinabaki na mfumo uleule vilivyozaliwa nao. Fundi pia umfikirie, laptopu yangu hapa barabara ya 8 inafunguliwa kwa bisibisi na kuongezwa RAM, kishikwambi kimegundishwa, kioo kikipasuka jiandae kwenda Dar.

Na kuna jambo linanikera sana: kishikwambi kilichojaa namba za NIDA na picha za nyumba za watu jioni kinakwenda kwa watoto kuchezea gemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, lakini hata ingekuwa haipo, mtu amekuamini mlangoni kwake. Vishikwambi vingi vya Android vinakuruhusu kufungua akaunti zaidi ya moja, watoto na yao na kazi na yake, iPad ya kawaida haina hiyo nafasi. Kwangu hilo ni sifa ya kifaa cha kazi sawasawa na betri.

Kwa hiyo dogo nilimwambia laptopu asiuze. Kama angekuwa karani wa tali pale bandarini, kazi inaishia kwenye kuhesabu na kutuma, ningemwambia auze leo. Kama angekuwa wakili wa kusoma majalada ya kurasa mia tatu na kuandika pembeni kwa kalamu, ningemwambia achukue kikubwa chenye kalamu na laptopu aiachie ofisini. Yeye ni mpima, kazi inaanzia chini ya mwembe na inaishia kwenye ramani iliyochapwa, atafute kidogo cha inchi 8 kigumu, hata kilichotumika, chenye betri ya kuchomoa, na ile hela ya kuongezea anunue RAM ya laptopu. Hakukubali moja kwa moja, bado kile kikubwa kipo moyoni. Jumanne tunakwenda Pangani siku mbili, nimempa changu atumie yeye kutwa nzima juani, mi nitashika kamba.